Kocha, Nimeambiwa Miguu Yangu Inalalia Ndani

SWALI

Kocha, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Kwa karibu mwaka mzima nimekuwa nikikimbia kwa kujifurahisha tu, mara tatu kwa wiki, jumla kama kilomita 15, na sikuwahi kuumwa popote. Miezi miwili iliyopita nilijiandikisha nusu marathoni pamoja na wenzangu wa kazini, nikapata ratiba ya mazoezi mtandaoni, na ndani ya wiki tatu nikawa nafikisha kilomita 38 kwa wiki, nyingine za kupanda mlima.

Ndipo ugoko wa kushoto ulipoanza. Maumivu yako upande wa ndani, yanaanzia kama upana wa kiganja juu ya kifundo na kupanda. Nikianza kukimbia unauma, nikishapata joto unatulia, nikifika nyumbani unarudi kwa hasira.

Nilikwenda duka la vifaa vya michezo. Kijana wa pale alinipandisha kwenye mashine ya kukimbilia bila viatu, akanirekodi kwa simu kutoka nyuma, kisha akasimamisha picha na kunionyesha kisigino changu cha kushoto kikiwa kimelala ndani. Akaniambia nyayo zangu ni bapa, mguu "unaanguka", na nisipovaa kiatu cha kuuzuia nitakuwa nimeua magoti kabla ya kufika arobaini. Nikatoka na kiatu kizito, kigumu, chenye kinundu chini ya upinde wa unyayo.

Leo ni wiki ya pili nakivaa. Ugoko haujapona, na juu yake nimepata lengelenge kwenye upinde, halafu goti la kulia limeanza kuniuma kwa nje. Niliporudi dukani niliambiwa nivumilie, kitalainika, na niongeze soli ya ndani ya kuinua upinde. Rafiki yangu ninayekimbia naye yeye anasema nitupe vyote, nivae raba nyembamba zisizo na kitu, mguu ujifunze kazi yake.

Viatu vyangu vya zamani nimevigeuza na kuviangalia. Kisigino kimelika upande wa nje, na mbele pamelika chini ya kidole gumba. Sasa kama ninalalia ndani, mbona kisigino kinalika nje? Ila nikiviweka mezani na kuvitazama kwa nyuma, cha kushoto kimeinamia ndani kidogo.

Je, miguu yangu ni mibovu? Ninunue kiatu gani? Na hiyo soli ya ndani niongeze au niache? Mbio zimebaki wiki kumi na moja.

Anayelalia Ndani

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Miguu yako si mibovu. Kulalia ndani ni sehemu ya kazi ya mguu, na kila mkimbiaji mzima anafanya hivyo. Wengi wetu tunatua kwa ukingo wa nje wa kisigino. Hapo hapo unyayo unaviringika kuelekea ndani, upinde unashuka, ugoko unazunguka kidogo kwa ndani na goti linakunja. Kwa njia hiyo kishindo kinagawanywa badala ya kupanda mzimamzima hadi nyongani. Halafu mguu unajikaza tena, unasukuma ardhi kwa upande wa kidole gumba, na hatua imekwisha. Ukitazama soli yako kwa jicho hilo, fumbo linaisha: nje ya kisigino ndiko unakotua, chini ya kidole gumba ndiko unakoondokea. Ni alama za kawaida kabisa. Nimeshageuza raba nyingi za wanafunzi wangu, na kisigino kilicholika nje kiko kwa wanaolalia ndani sana na kwa wasiolalia karibu kabisa, kwa hiyo hakimwambii mtu chochote.

Kuinama kwa kile kiatu cha kushoto kunasema kitu, ila si kikubwa. Inawezekana kweli unalalia ndani kuliko wastani, hasa mguu huo. Inawezekana pia sponji imechoka, maana kiatu cha mwaka mzima, hata kwa kilomita zako chache za mwanzo, kilikuwa kimekaribia au kimepita kilomita 700, na nyingi huchoka kati ya 500 na 800.

Na ile video? Kijana alisimamisha picha pale ambapo mguu umebeba uzito wote na umelala hadi mwisho wake. Simamisha picha ya mkimbiaji yeyote katika nukta hiyo, hata bingwa, utaona kisigino kinachotisha. Zaidi ya hapo ulikuwa peku, juu ya mashine usiyoizoea, umetazamwa na mtu mwenye bidhaa ya kuuza. Hata ile njia ya kukanyaga kwa unyayo uliolowa na kusoma alama sakafuni inaonyesha umbo la upinde ukiwa umesimama tu. Haionyeshi mguu unafanya nini ukikimbia. Wapo wenye nyayo bapa wasiolalia ndani sana, na wapo wenye upinde mrefu wanaolalia ndani kama wewe.

Mimi kilichonishtua ni sentensi uliyoipita haraka: kutoka kilomita 15 hadi 38 ndani ya wiki tatu, na milima juu yake. Miguu hiyo hiyo, yenye kulalia ndani kule kule, ilikubeba karibu mwaka mzima bila neno. Kilichobadilika ni mzigo. Maumivu ya ukingo wa ndani wa ugoko, yanayopoa ukipata joto na kurudi ukitulia, ni malalamiko ya mfupa na misuli inayoshikamana nao kwamba wameongezewa kazi kabla ya kujijenga. Ni kweli kwamba wanaolalia ndani sana huelekea kupata tatizo hili zaidi kidogo kuliko wengine, kwa hiyo kijana wa dukani hakutoa maneno hewani. Ila alichukua sehemu ndogo ya sababu akaiuza kama sababu nzima.

Suala hili limechunguzwa. Utafiti uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuata watu 927 wanaoanza kukimbia, wote wamepewa kiatu kimoja cha kawaida kisicho na egemeo lolote, yaani ile sehemu ya kiatu inayouzuia mguu kulala ndani, kwa mwaka mzima. Waliolalia ndani hawakuumia zaidi ya wengine, na kwa kila kilomita 1,000 waliumia pungufu. Angalizo la haki ni kwamba waliolalia ndani kupindukia walikuwa wachache mno katika kundi lile. Jeshi la Marekani nalo liliwagawia maelfu ya askari wapya viatu kulingana na umbo la nyayo zao, likawalinganisha na waliopewa aina moja bila kujali umbo. Majeruhi hawakupungua.

Kuna utafiti mwingine unaokuhusu wewe zaidi. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wanawake 81 waliokuwa wakijiandaa kwa nusu marathoni kwa wiki 13. Waligawiwa viatu vya aina tatu: vya kawaida, vyenye egemeo la wastani, na vile vizito vya kudhibiti mguu. Wenye vile vizito ndio waliolalamika maumivu zaidi, wakiwemo wale ambao kwa mafundisho ya duka ndio waliovihitaji.

Usiniambie basi kwamba egemeo ni uongo mtupu. Luxembourg walichunguza wakimbiaji 372 kwa miezi sita, matokeo yakatoka mwaka 2016: waliopewa kiatu chenye egemeo waliumia pungufu kuliko waliopewa kile kile bila egemeo, na faida ilionekana kwa wanaolalia ndani. Ukiweka yote pamoja, mimi nasoma hivi: kwa mguu kama wako egemeo la wastani linaweza kusaidia, gumu la kupindukia linaweza kuumiza, na hakuna mtu anayeweza kukuchagulia kwa kuangalia kisigino tu. Kilichobaki ni mguu wenyewe kusema. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, aliyechunguza mambo haya kwa miongo mingi, alipendekeza pamoja na wenzake mwaka 2015 kwamba mkimbiaji achague kile anachokisikia kizuri mguuni, maana mwili una njia yake unayopenda kupita, na kiatu kinachoulazimisha njia nyingine unapigana nacho.

Goti lako la kulia, kwa mtazamo wangu, lilianza kupigana. Ukiuzuia unyayo usiviringike kwa kipimo ulichozoea, mzunguko ule hauyeyuki, unahamia juu. Siwezi kuapa bila kukuona, lakini goti lililoanza kuuma ndani ya wiki mbili za kiatu kipya, kwenye mguu uliokuwa mzima, kwangu ni ushahidi wa kutosha. Kivue. Kama duka linakubali kurudishiwa, kirudishe leo. Kama halikubali, kifanye cha kutembelea ikiwa hakikusugui, au mpe mwenye mguu unaokipenda.

Na hilo la "vumilia, kitalainika" likatae kila utakapolisikia. Viatu vya ngozi vya kazini ndivyo vinavyolainika. Raba ya kukimbilia inapaswa kuwa nzuri tangu hatua ya kwanza. Inayokubana, kukuchoma au kukusukuma dukani itafanya hivyo hivyo kilomita ya kumi, tena vibaya zaidi.

Sasa tununue. Nenda jioni, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, kama unavyovimba ukikimbia. Chukua soksi unazokimbilia na kile kiatu chako cha zamani. Omba ipimwe miguu yote miwili ukiwa umesimama, kisha nunua kwa kufuata ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu zaidi ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na vidole viweze kujitandaza bila kugusa kuta. Mguu unaolalia ndani hurefuka na kupanuka kidogo upinde unaposhuka, kwa hiyo wengi wa aina yako wamevaa namba ndogo kuliko wanavyostahili bila kujua.

Omba pea tatu: moja ya kawaida isiyo na egemeo, na mbili zenye egemeo la wastani kutoka kwa watengenezaji tofauti. Usiombe ile daraja ya juu kabisa ya kudhibiti. Kabla ya kuvaa, shika kiatu mkononi. Finya ukuta wa nyuma ya kisigino, unatakiwa ubishe kidogo lakini usiwe ubao. Kikamate mbele na nyuma ukisokote kama mtu anayekamua nguo: kiatu chenye egemeo kitakataa katikati, lakini mbele kinapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjika na si katikati ya unyayo. Kisha bonyeza sponji ya upande wa ndani kwa kidole gumba na ulinganishe na upande wa nje. Katika viatu vingi vya zamani utakuta kipande kigumu zaidi, mara nyingi cha kijivu, na hicho ndicho egemeo lenyewe. Siku hizi kipande hicho kinatoweka. Brooks Adrenaline GTS inatumia kingo mbili zilizoinuka kandokando ya kisigino, na ASICS Gel-Kayano iliachana na kipande kigumu ilipofika toleo la 30, mwaka 2023, ikategemea upana wa soli na umbo lake. Sikutumi ukanunue hizo. Nataka ujue kwamba egemeo la leo si lazima lichome upinde. Kinundu ulichokisikia wewe kilikuwa cha kiatu kile, wala si sharti la miguu inayolalia ndani.

Angalia pia tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole, ambayo watengenezaji huitaja kwa milimita. Viatu vingi vya kawaida viko kati ya 8 na 12. Kama cha zamani kilikuwa 10, tafuta kinachokaribia hapo. Ukiruka ghafla hadi 4 au sifuri, vigimbi na kano ya kisigino vitaanza kulia, na wewe tayari una kesi moja mguuni.

Halafu vaa tofauti: kushoto aina moja, kulia nyingine. Kimbia kidogo, nje kama watakuruhusu, kisha badilisha. Kutembea kati ya rafu hakutoshi. Usijiulize "kipi kinanirekebisha?" Jiulize kipi unasahau kwamba umekivaa. Utashangaa jinsi jibu linavyokuja haraka, mara nyingi kabla muuzaji hajamaliza maelezo yake. Kikitoka kile cha kawaida kisicho na egemeo, nunua hicho bila woga. Kikitoka chenye egemeo, sawa. Rangi na sifa za mashindano achia wengine.

Soli ya ndani usiongeze sasa. Ukiweka egemeo juu ya egemeo, upinde wako utasukumwa mara mbili, na kiatu kitapungua nafasi. Ukiwa na kiatu cha kawaida na ugoko ukaendelea kusumbua baada ya kupunguza mzigo, soli ya ndani iliyokwisha kutengenezwa, isiyo ngumu, ni jaribio la busara kwa muda. Zile za kuchongwa kwa ajili ya mguu wako zinatoka kwa mtaalamu aliyekupima kitandani na ukikimbia. Hazitoki kwenye kaunta ya duka.

Rafiki yako wa raba nyembamba ana hoja: mguu ni misuli, na misuli hujengeka. Ila anakupa dawa ya mtu mwenye ugoko mzima na miezi ya kutosha mbele yake. Wewe jenga misuli hiyo ukiwa ndani ya kiatu chako. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, nyanyuka juu ya vidole taratibu, shuka taratibu zaidi. Fanya goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa kidogo, siku moja ndiyo siku moja hapana, hadi unapochoka na si hadi unapoumia.

Zoezi hilo ni kipimo pia. Ukinyanyuka, mwombe mtu akutazame kwa nyuma: upinde unapaswa kujitokeza na kisigino kigeuke kuelekea ndani ya mwili. Ikiwa hivyo, unyayo wako bapa ni wa kunyumbuka, na hiyo ndiyo hali ya watu wengi. Ikiwa upinde hautokei kabisa, au mguu wa kushoto unashindwa kunyanyuka kwa maumivu au udhaifu nyuma ya kifundo upande wa ndani, au umegundua unyayo huo umeshuka miezi ya karibuni wakati zamani ulikuwa sawa na mwenzake, usinunue kiatu chochote kwanza. Nenda kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu inaweza kuwa ile kano inayobeba upinde.

Kipimo cha pili ukifanye leo usiku. Pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa ndani wa ugoko. Kama uchungu umetandaa kwa urefu wa vidole vinne au zaidi, ni lile tatizo nililolieleza. Kama uko sehemu moja tu, ndogo, unaruka ukiibonyeza, na hasa kama mguu unakuuma ukiwa umelala au ukirukaruka kwa mguu huo mmoja, acha kukimbia kabisa hadi upigwe picha. Ufa wa mfupa hautibiwi kwa kiatu.

Tukichukulia ni lile la kwanza, usikimbie hadi uweze kutembea kwa kasi nusu saa bila ugoko kulalamika, wala asubuhi ya kesho yake. Anza tena chini ya zile kilomita 15 zako za zamani, kwenye tambarare, ukichanganya kutembea. Fupisha hatua kidogo na uziongeze idadi, kama asilimia 5 hivi: ukipiga hatua 160 kwa dakika, jaribu 168. Kwa wengi hilo hupunguza kishindo kuliko kiatu chochote nilichokitaja. Ongeza kilomita kwa wiki mbili, wiki ya tatu punguza, na milima irudi mwisho kabisa. Ukimudu baadaye kuwa na pea mbili tofauti za kubadilishana, ni jambo zuri, mzigo hautui mahali pale pale kila siku.

Wiki kumi na moja zinatosha kumaliza nusu marathoni ukichanganya kukimbia na kutembea, kama ugoko utatulia ndani ya wiki mbili au tatu. Hazitoshi kufukuzana na ile ratiba uliyoipata mtandaoni, kwa hiyo ifute. Wiki ya nne ikifika na bado unaamka na maumivu, waandikie waandaaji uulize kama wanakubali kukuhamishia mbio fupi zaidi ya siku hiyo hiyo, au kukusogeza mwakani. Uliza mapema, kwa sababu waandaaji wengi hufunga mabadiliko wiki kadhaa kabla ya mashindano.

Kocha